Jua Linawaka, Maji Yanakuja

Kila nikiweka video ya korongo lolote, kuna swali moja lazima litokee huko chini. "Lakini wale watu wa Hell's Gate waliingia aje na mvua inanyesha? Si wangeangalia tu juu?" Anayeuliza huwa hana ubaya. Ako tu na imani kwamba kifo cha aina hiyo ni cha watu wasiokaa rada, na yeye hukaa rada, kwa hivyo hakimhusu.

Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Leo najibu wote, na itakuwa ndefu, kaa kitako.

Kwanza swali lenyewe limepinda. Linadhani mvua inayoua ni ile inayokunyeshea. Korongoni mambo hayaendi hivyo. Mvua inayoua inaweza kuwa inanyesha kilomita kadhaa kutoka ulipo, nyuma ya mlima ambao huuoni, huku wewe uko na miwani ya jua na fulana imeloa jasho. Ukiangalia juu utaona mbingu ya bluu. Utasema siku iko fiti. Na maji yako njiani.

Sasa wenye hawajui tunabonga kuhusu nini. Tarehe 22 Aprili 2012 vijana wa kanisa moja la Nairobi walikuwa kwa matembezi Hell's Gate, Naivasha. Wakaingia korongo la Ol Njorowa. Maji yakashuka ghafla, saba wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019, korongo lilelile, kundi la watalii. Saba tena, na mmoja wao alikuwa mwelekezi wa hapo hapo, mtu aliyelijua korongo kuliko sisi sote. (Naandika mwelekezi kwa sababu lile neno la Kiingereza ukiliandika kwa sauti ya Kiswahili linakuwa gaidi, na sitaki kuitiwa polisi.)

Siku zote mbili zilikuwa Jumapili. Kuna wasee mtandaoni wameshikilia hiyo: saba mara mbili, Jumapili mara mbili, na jina lenyewe ni Lango la Jehanamu, kwa hivyo kuna jini pale. Manze. Jina lilitolewa na wapelelezi wazungu wa karne ya 19, na Jumapili ndiyo siku watu wa Nairobi hawaendi kazi. Hakuna fumbo. Ukipeleka watu wengi mahali penye hatari siku moja ya wiki, siku hiyo ndiyo itakuwa na misiba. Nataja haya majini kwa sababu moja tu: ukishasema ni jini, hauna tena haja ya kujua maji yalitoka wapi.

Yalitoka wapi basi?

Kama umelelewa nyumba ya mabati unajua hii kitu bila kufundishwa. Mvua ya dakika kumi inajaza pipa. Matone yenyewe si makubwa hivyo, ila paa lote, kila bati, linamwaga kwa mfereji mmoja, na mfereji unamwaga mahali pamoja. Weka mkono pale mfereji unapomwagia wakati mvua imekazana, utaona ile nguvu. Halafu sogea hatua mbili, simama katikati ya uwanja, mvua ileile inakulowesha tu.

Korongo ni huo mfereji. Paa ni zile miteremko yote ya juu, zile mbavu za milima ya volkano kule Naivasha, na kila kijibonde kinachoshuka kutoka huko. Udongo mwingi wa pale ni majivu ya volkano ya zamani. Mahali pengi hapana msitu wa kuyashika maji, nyasi ni fupi, na mvua ikija kwa nguvu ardhi haiwahi kuinywa yote. Maji yanateleza. Kijibonde kinapokea, kinapeleka kwa kingine, hicho kinapeleka kwa kingine, na wote mwisho wao ni mmoja: ule ufa mwembamba ambao wewe umeinua simu unajirekodi ukipita kwa ubavu.

Umesimama ndani ya mfereji wa paa kubwa ambalo huwezi kuliona.

Na usiniambie korongo lilikaa kavu miaka mingi. Korongo lenyewe ni kazi ya maji. Zamani Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa na la juu zaidi kuliko la leo, na maji yake yalikuwa yanatokea kusini kupitia hapo. Zile kuta laini zenye mawimbi, zile kila mtu anaziweka kwa picha ya wasifu, zilisuguliwa na maji yaliyobeba mchanga na mawe. Ukienda mahali popote pa namna hiyo, inua macho juu ya kichwa chako uangalie kama kuna vijiti na nyasi kavu zimekwama kwa nyufa za mwamba. Hazikupandishwa na ndege. Hiyo ni alama ya kimo cha maji ya mwisho, na iko juu yako.

Watu huuliza pia: kwani mtu hawezi kuogelea? Au kushikilia jiwe? Maji yanayokimbia ya kimo cha sentimita kumi na tano tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita thelathini yanaweza kubeba gari dogo. Na maji ya korongo si kama ya dimbwi la kuogelea, ni uji wa matope uliobeba magogo na mawe, unakugongesha ukuta huu kisha ule. Kuogelea ni ujuzi mzuri sana, Diani.

Ndiyo, najua ushauri wa kawaida: epuka msimu wa mvua. Mvua ndefu ni Machi hadi Mei, mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba, tumefunzwa darasa la nne. Sasa rudi juu usome zile tarehe. Aprili 2012, sawa, hiyo iko katikati ya mvua ndefu. Lakini 1 Septemba? Hiyo haiko kwa msimu wowote kati ya hiyo miwili. Mtu aliyepanga fom yake kwa kalenda peke yake angesema Septemba ni salama kabisa.

Kwa hivyo kalenda ni mwanzo tu. Kinachohesabika ni siku yenyewe, na si siku ya mahali ulipo peke yake. Ile picha ndogo ya jua kwa simu yako imeandikwa Naivasha, na Naivasha inayoizungumzia pengine ni mjini, kando ya ziwa, wapi na wapi na vilima vinavyomwaga maji kwa korongo lako. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri na maonyo ya mvua kubwa, na huwa wanataja kaunti. Soma kaunti unayoenda, kisha soma na zile jirani. Halafu angalia jana na juzi. Ardhi iliyoshiba maji ya juzi haina mahali pa kuweka ya leo.

Na saa. Kwa nyanda za juu mvua nyingi hujengeka mchana jua likishapasha ardhi, inashuka alasiri. Mtu wa bara anajua hii: asubuhi unaanika nguo, saa tisa unakimbia kuzianua. Sasa angalia ratiba ya hizi safari zetu. Tunakubaliana kutoka tao saa kumi na mbili, tunatoka saa mbili na nusu kwa sababu kuna mtu hajafika, tunasimama kwa viewpoint ya Mai Mahiu kupiga picha na kununua mahindi, tunafika langoni saa tano, tunakodi baiskeli, tunaendesha tukipiga picha na pundamilia, tunakula, na saa nane ndiyo tunasema haya sasa, korongo. Tumepoteza masaa yote mazuri, na sasa ndiyo tunaingia.

Hapa sitaki mtu afikirie naipiga vita Hell's Gate. Naipenda ile mahali. Mbuga imekuwa wazi tangu 1984, iko kama kilomita tisini kutoka Nairobi, na ni mojawapo ya mbuga chache sana nchini ambapo unaweza kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya wanyama bila kukodi gari la laki. Sinema ya Lara Croft ya 2003 ilipigwa sehemu yake pale. Kwa msee wa Umoja au Pipeline ambaye hana uwezo wa kulala Mara, hiyo ndiyo mbuga yake. Wanaosema makorongo yote yafungwe milele, mimi siko upande wao. Ukimnyima kijana wa mtaani mahali pa kutembea atatafuta pengine pasipo na lango wala askari wala mtu wa kumwambia chochote, na vijito vya aina hiyo viko vingi.

Wala si korongo peke yake. Machi 2010, kule Samburu, mto Ewaso Nyiro ulifurika ukabomoa kambi na hoteli za kitalii kando yake, hata kambi ya watafiti wa ndovu ya Save the Elephants ikasombwa. Samburu ni kavu, kila mtu anajua. Lakini ule mto hula maji ya Mlima Kenya na Aberdare. Mei 2024, Mara, mto Talek ukavunja kingo zake, kambi kadhaa zikazama na watalii wakatolewa kwa helikopta. Watu waliolala kwa hema nzuri, kitanda cha mbao, maua mezani. Mto ukikupa mandhari, unajua pia njia ya kufika kitandani. Na ukienda kaskazini utaonyeshwa laga, mto mkavu wa mchanga safi, laini, pamenyooka, pazuri sana pa kupiga hema. Waulize wenyeji kama wao hulala hapo.

Sasa nifike kwa kile kitu kimenifanya niandike, kwa sababu haya ya maji na miteremko, ukweli ni kwamba watu wengi kwa hii mnyororo wanayajua. Mwelekezi anajua. Dereva anajua wingu jeusi likoje. Mwandalizi wa safari amesoma habari. Na bado watu wanaingia. Kwa nini?

Pesa.

Fuata tu pesa ya safari moja ya siku. Mwandalizi amechukua pesa ya watu thelathini kwa M-Pesa wiki mbili kabla, na kwa tangazo ameandika kwa herufi kubwa kwamba pesa haitarudishwa. Tayari amelipa gari. Akiahirisha, ni yeye na deni. Dereva anahesabu siku. Mwelekezi ni kijana wa pale karibu, hana mshahara, analipwa akishaingiza watu ndani na kuwatoa. Akisema "leo hapana" anarudi nyumbani mikono mitupu, na mwenzake aliyesema "twende tu" anapata ya kwake. Halafu kuna mtu kama mimi: video ya korongo ndiyo watu wanataka, video ya mtu akisema turudini hakuna anayeiangalia mpaka mwisho. Na wewe mwenyewe umelipa, umeomba ruhusa kazini au kwa mzazi, umenunua viatu.

Hesabu hapo. Kila mtu kwa hiyo safari anapoteza kitu akisema hapana. Hakuna hata mmoja anayelipwa kwa kusema hapana. Halafu tunashangaa kwamba hakuna anayesema.

Mwaka jana nilienda na mbogi ya watu kumi na tisa kwa bonde moja la kule Kajiado, silitaji jina kwa sababu watu wa pale wanakula kwa sababu ya wageni na hawajanikosea. Tulikuwa tumefika, watu wamebadilisha viatu. Upande wa milimani kulikuwa na wingu limekaa chini, la rangi ya sufuria iliyoungua, na ukinyamaza ulisikia ngurumo mbali sana. Juu yetu jua kali. Kulikuwa na dem mmoja, mtu mkimya, hata sikuwa nimemsikia akiongea kwa gari. Akasema, "Mimi siingii hapo ndani." Mwandalizi akamwambia, "Sister, hiyo mvua iko huko kwao." Akajibu, "Na maji ya huko kwao huenda wapi?"

Hiyo ilikuwa imekwisha, kwangu. Nikasema siingii pia. Wakatokea wengine wanne. Kukawa na kelele, ati tunaharibia watu siku, ati pesa tuliyolipa tusahau. Mzee mmoja wa pale akaulizwa, akaangalia lile wingu, akaangalia mwandalizi, akasema nyinyi wageni ndio mnajua. Mwishowe safari yote ikarudi juu, tukakula nyama, wengine wamenuna.

Na unajua nini kilitokea kwa lile bonde siku hiyo? Hakuna kitu. Wingu likapita. Hakuna tone la maji lilishuka. Tukachekwa njia nzima mpaka Rongai. Kwa kikundi cha WhatsApp yule dem akaitwa Mama Mvua kwa wiki mbili. Mwandalizi hakurudisha hata shilingi.

Hii ndiyo sehemu ngumu na ndiyo maana naisimulia. Ukirudi nyuma kwa sababu ya hatari, mara nyingi sana hautaona ushahidi kwamba ulikuwa sawa. Maji hayatakuja. Utaonekana mwoga. Mara tisa utaonekana mwoga. Hakuna anayekuja kukupa medali kwa sababu ya mafuriko yasiyokuwepo. Ule ujasiri wa kuning'inia kwa kamba mwambani unapigiwa makofi papo hapo, lakini huu wa kusimama mbele ya watu kumi na tisa waliolipa ukasema siingii, huu unapewa jina la utani. Mimi naona huu wa pili ndio mzito, na yule dem ninamheshimu kuliko mtu yeyote wa kuruka na parashuti ambaye nimewahi kumrekodi.

Kuna wale wataniambia naharibia wenyeji biashara. Nimeambiwa tayari. Jibu langu ni rahisi: baada ya vifo vya 2019, KWS ilifunga korongo la Ol Njorowa. Waulize waelekezi wa pale kama walipoteza zaidi kwa ile siku moja ambayo wangekataa kuingia au kwa ule muda lango lilipofungwa. Na kuna familia moja kati yao iliyopoteza mtu. Siku moja ya kukataa ndiyo hasara ndogo kuliko zote. Shida ni kwamba hiyo hasara ndogo tumemwachia mwelekezi aibebe peke yake.

Kwa hivyo mambo ya pesa yabadilishwe kwanza, kabla ya kuweka mabango mengine. Mwelekezi alipwe siku, iwe mmeingia au hamkuingia. Mwandalizi aandike kwa lile tangazo lake, mahali palepale alipoandika pesa haitarudishwa, kwamba sehemu ya korongo itafutwa hali ya hewa ikiwa mbaya na siku itakuwa na mpango mwingine, baiskeli, kupanda mlima, chochote, watu wajue kabla hawajatuma pesa. Hiyo haimgharimu kitu. Inamwondolea yeye mwenyewe ule mzigo wa kubishana langoni. Na wenye mbuga, wawe KWS au kaunti au jamii, wanahitaji mtu juu mlimani siku ambazo watu wako chini. Sizungumzi mitambo ya mabilioni. Kipima mvua, redio ya mkononi, na mtu mmoja mwenye amri ya kusema tokeni. Maji yanachukua muda kutoka kilimani hadi korongoni, na huo muda, hata uwe dakika ishirini, ni mwingi sana kwa mtu aliyeambiwa na ni bure kwa asiyejua.

Na sisi wa kontenti. Tunaweka video ya sekunde thelathini: ufa, mwanga unaingia kutoka juu, muziki, msee anageuka polepole. Hakuna anayeonyesha mahali pa kutokea. Kuna video za korongo la Hell's Gate za kabla ya 2019 bado zinazunguka kama za jana, na mtu anapanga safari kwa kuziangalia bila hata kuuliza kama sehemu hiyo iko wazi. Uliza langoni siku hiyohiyo nini kiko wazi na nini kimefungwa, na ukiambiwa kimefungwa usitafute kijana wa kukupitisha kwa nyuma. Kama unarekodi, rekodi pia njia ya kupanda. Weka tarehe. Hizi sekunde tano hazitaua video yako.

Tuseme sasa mmeulizia, kuko wazi, anga ni safi kila upande, ni asubuhi, mmeingia. Kabla ya kuanza mwombe mwelekezi awaonyeshe mahali pa kupanda kutoka chini, kila moja mkifika, na uhesabu kichwani umepita umbali gani tangu ya mwisho. Akishindwa kukuonyesha, tafuta mwingine. Mwachie mtu wa nje ujumbe wa saa mnatarajiwa kutoka, kwa sababu katikati ya kuta za mwamba mtandao unaweza kupotea kabisa, na namba ya Msalaba Mwekundu, 1199, haisaidii kitu kwa simu isiyo na mtandao. Msiende watu arobaini kwa mstari mmoja. Wa mbele hatasikia wa nyuma akipiga kelele. Spika ya Bluetooth iache kwa gari, tafadhali nakuomba. Masikio ndiyo kengele uliyo nayo.

Dalili zenyewe ni chache na zote zinakuja zikiwa zimechelewa. Kijito kilichokuwa safi kinageuka rangi ya chai ya maziwa. Vijiti na majani yanaanza kupita. Upepo wa baridi unavuma ghafla kutoka upande wa juu, umebeba harufu ya udongo uliolowa. Au mngurumo, kama lori linapanda mlima na hakuna barabara. Ukiona moja tu, usisubiri ya pili, usisubiri mwelekezi amalize sentensi, na usikimbie kurudi njia mliyoingilia kama ni mbali, kwa sababu maji ni ya haraka kuliko wewe. Panda. Kando na juu, popote panaposhikika, wacha mkoba, wacha simu. Ukishafika juu kaa huko. Wimbi la kwanza linaweza kufuatwa na kubwa zaidi, na kuna watu hufa wakirudia viatu.

Radi ni story ya siku nyingine, lakini kwa ufupi: ukisikia ngurumo toka kwa mwamba mrefu uliosimama peke yake na toka chini ya ule mti mmoja wa katikati ya uwanda, ingia kwa gari. Fischer's Tower ni pazuri. Siku ya ngurumo piga picha ukiwa mbali.

Sasa, wale mmenijaza ujumbe mkiuliza kama nitaandaa safari ya Agosti: ndiyo, tunaenda. Tunatoka tao saa kumi na moja alfajiri, na aliyechelewa tutamwona jioni. Mwelekezi ninamlipa pesa yake yote asubuhi, kabla hata hatujashuka kwa gari. Korongo litakuwa kwa mpango kama litakuwa wazi na kama hakuna hata mmoja wenu, narudia, hata mmoja, atasema hapana. Kura ni ya mtu mmoja na hatadaiwa sababu. Tukikosa kuingia kuna baiskeli, kuna mbuzi, na wale wa kuwaita wenzao majina nitawarudishia pesa yenu sasa hivi, msije.

Mama Mvua ameshalipa.